Mwalimu Mnana na Kiota Kilichokataliwa

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anaogopa viwavi. Akimwona kiwavi juu ya jani alirudi nyuma taratibu, akafunga kifungo cha juu cha shati, kisha akasema amekumbuka ana kazi ofisini. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa jukumu la kutufundisha viumbe na kazi za mikono, nje, juani, na sababu yake ilikuwa madawati.

Shule yetu ilikuwa imelilia madawati kwa miaka mingi. Tulikuwa tunakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, tukiinuka jioni tumekufa ganzi. Mwalimu mkuu aliyaomba kwa kila aliyekanyaga pale: wageni, viongozi, hata daktari aliyekuja kutuchanja. Inaelekea wote walimsikia, na wote wakaingiwa na huruma katika wiki moja. Malori yakaja yamefuatana. Madawati yakashushwa, yakaingizwa darasani kwetu, yakapangwa, yakapandishwa mengine juu ya mengine mpaka yakagusa dari. Lile la mwisho mlinzi alilisukuma kwa bega, mlango ukafungwa kwa kulazimishwa. Hapo ndipo mtu alipouliza watoto wakae wapi.

Wengine walishauri yatolewe nje kidogo. Mwalimu mkuu hakutaka hata kusikia. Alisema zile ni mbao safi, hazijazoea jua, na mvua moja tu ingezimaliza. Alipoulizwa je, watoto, alijibu kwamba watoto wameumbwa wakiwa na ngozi. Basi sisi tukatoka, madawati yakabaki. Kila asubuhi mwalimu mkuu alifungua mlango, akayapangusa vumbi yale ya mbele, akayajulia hali kwa sauti ya chini, akafunga.

Ubao nao ulikuwa umejengewa ukutani, nyuma ya madawati yote, hata mjusi asingeufikia. Mwalimu wetu akasema hesabu bila ubao ni umbea tu, na yeye hawezi kufundisha umbea. Mwalimu mkuu akachungulia ratiba kutafuta somo lisilohitaji ubao, akalikuta moja ambalo halijawahi kufundishwa na mtu yeyote tangu shule ijengwe. Lilikuwa la kuwatoa watoto nje waangalie viumbe, kisha wafanye kitu kwa mikono yao. Akampa mwalimu kifimbo, akamtakia kila la heri.

Siku ya kwanza alitupanga uwanjani kwa mistari kama tulivyokuwa darasani, akaacha pengo mahali ambapo mlango ungekuwa. Aliyechelewa alisimama kwenye pengo akabisha hodi hewani, akasubiri kukaribishwa. Mtoto mmoja akaomba ruhusa ya kutoka nje kwenda haja. Mwalimu alilifikiria lile ombi kwa uzito wake, akamjibu kwamba yuko nje tayari. Mtoto akakaa, akajikaza.

Alijitahidi, maskini. Alitufundisha sisimizi akiwa mbali naye. Alitufundisha jani, upande wa juu, na akasema upande wa chini tutaufikia mwaka unaofuata, kwa sababu chini ya majani ndiko viwavi hukaa. Tulikuwa tumeanza kumzoea hivyo hivyo, mara wakaja minana.

Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano anayesuka kiota kikaning'inia tawini kama kibuyu, mlango ukiwa chini. Lilikuja kundi zima likavamia mwarobaini ulio karibu na uzio, wakaanza kazi kwa kelele. Mwalimu alisimama chini ya ule mti kipindi kizima bila kusema neno. Tulidhani anaumwa. Baadaye akatugeukia, macho yamelowa, akasema ndege huyu anapiga hesabu. Anahesabu nyasi, anapima duara, hakosei. Alitueleza kwamba dume ndiye anayejenga. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, anapigapiga mbawa na kuita. Jike huja, huingia, hukagua. Akipenda anakaa. Asipopenda anaondoka, na dume hukifumua kiota chote, anaanza upya.

Sehemu ya viumbe ikawa imekamilika, ikabaki ya mikono. Mwalimu akasema kila mtoto asuke kiota chake. Asubuhi ile ile tukapigana, maana kila mmoja aliiba nyasi za mwenzake, kama wafanyavyo minana wenyewe. Kumaliza ugomvi akaamua tusuke kimoja, kikubwa, cha darasa zima. Tukakata nyasi ndefu nyuma ya vyoo, tukaokota kamba za magunia, tukaenda kuomba mabaki ya vitambaa kwa mkewe.

Mke wa mwalimu alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilitazamana na shule, na cherehani yake ilikuwa dirishani, kwa hiyo alituona siku nzima, na sisi tulimwona. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu mdomoni alikuwa na pini. Alitupa mfuko wa vitambaa bila kuuliza ni vya nini.

Kulikuwa na msichana darasani kwetu tuliyemwita Kwanini, nadhani mnaelewa kwa nini. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kukagua nyasi kama hazina viwavi kabla hazijafika mikononi mwa mwalimu. Aliifanya kwa uaminifu mkubwa, na waliopatikana aliwafuga kwenye kopo. Mwalimu alisuka pamoja nasi. Vidole vyake vilizoea chaki, basi vikachubuka, vikavimba, lakini hakuacha. Kiota kikakua. Tulikitundika kwenye tawi nene la mwarobaini, mlango wake ukiwa usawa wa kifua cha mtu mzima, na ndani mtu angeweza kukaa akakunja miguu. Mwalimu akakizunguka, akatabasamu, akasema kazi imekwisha.

"Jike anakuja lini?" akauliza Kwanini.

Mwalimu akamweleza kwamba hiki ni mfano tu. Kwanini akauliza kama mfano unaruhusiwa kuishia katikati. Akauliza pia tutajuaje kama ni kizuri, ikiwa hakuna aliyekikagua, au mwalimu alikuwa ametudanganya kuhusu jike. Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, na kanuni akishaitamka hakuweza kuiruka. Akapangusa mikono kwenye suruali, akavuka barabara.

Aliyoyasema kule ndani hatukuyasikia, lakini mkewe aliwasimulia wateja wake miaka nenda rudi. Alisema mumewe aliingia ana nyasi kichwani, akasimama mbele ya cherehani kama mtu aliyekuja kuposa, akasema, "Mama watoto, naomba uje ukikague kiota." Mkewe akamshika paji la uso kuona kama jua limempanda. Paji halikuwa na moto. Basi akaivaa tepu yake ya kupimia shingoni, akaja.

Hapo tena Kwanini akakumbusha kwamba dume anatakiwa kuning'inia na kupiga mbawa. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akatafuta wa kumwokoa, hakumpata. Akalishika tawi kwa mkono mmoja, akakunja magoti, akawa ananing'inia pale kando ya kiota huku mkono wa pili ukipiga hewa, koti likipepea. Tukamkumbusha na sauti. Akatoa sauti. Mkewe alisimama na pini zake mdomoni akamwangalia.

Kisha akainama, akaingiza kichwa. Akapima mlango kwa tepu. Akavuta fundo moja, likafunguka. Akatoa pini mdomoni moja moja, na tukajua mambo ni mazito.

"Mlango umeuelekeza kwenye upepo," akasema. "Mafundo haya yamefungwa na mtu mwenye njaa. Na humu ndani hakuna pa kuegemea. Sikai."

Akazirudisha pini, akavuka barabara, tukasikia cherehani ikianza.

Mwalimu akaachia tawi. Kwa kweli alionekana amefarijika, akidhani somo limekwisha. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, na Kwanini akasema kwa upole kabisa kwamba sasa dume anafumua. Akafumua. Mwalimu mkuu, aliyeona kutoka ofisini kazi ya wiki kadhaa ikigeuka rundo la nyasi, alikuja mbio akitaka maelezo. Akaelezwa kanuni ya mnana. Akashika tama, akafikiri, akasema kama ndiyo kanuni, basi ifuatwe, ila kufumua kufanyike ndani ya kipindi.

Kiota cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, mafundo yamekazwa kwa meno. Safari hii habari zilikuwa zimeenea, na wanawake wa mtaani walikuja kutazama, wengine na watoto mgongoni, wengine na ndoo za maji zisizofika nyumbani. Mwalimu akaning'inia, akapiga bawa. Alikuwa ameanza kulimudu. Mkewe akaingia mpaka kiunoni, akapapasa kila upande. Alipotoka hakuwatazama wengine, alimtazama yeye.

"Kinafanana na jiko letu," akasema. "Giza tupu. Lile jiko ulilijenga bila dirisha, nimepikia moshi tangu niingie nyumba ile, na hukuniuliza."

Mwalimu alisimama mikono imelegea, akimwangalia mkewe akivuka barabara. Safari hii hatukumwambia kitu. Alianza kufumua mwenyewe, polepole, akikunja kila jani pembeni kama anayekunja nguo.

Kilichofuata mtaani hakikuwa kwenye ratiba. Mke wa kinyozi alirudi nyumbani, akakagua chumba chao cha kulala, akasema hapendi. Mke wa fundi viatu akapima mlango wake wa mbele kwa upande wa ndoo, akakuta ndoo haipiti bila kumwagika, akamwambia mumewe afumue. Mafundi seremala hawakupata usingizi. Mwishoni wanaume wakakusanyika, wakaja kwa mwalimu mkuu wamevaa vizuri, wakasema hawana shida na elimu, elimu ni jambo jema, ila wanaomba mwalimu achague ndege mwingine. Mmoja akapendekeza bata. Mwalimu mkuu akauliza dume la bata hufanya nini nyumbani. Wakatazamana. Hakuna aliyejua kwa hakika, na waliodhani wanajua walinyamaza. Wakaona yaweza kuwa mabaya zaidi, wakaaga, wakaenda.

Kiota cha tatu mwalimu hakukianza mara moja. Kila siku kabla ya kipindi alivuka barabara, akasimama dirishani pa cherehani, akauliza jambo moja. Mlango uelekee wapi? Mgongo uegemee nini? Miguu inyooke au ikunjike? Mkewe alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, majibu yakipita katikati ya pini, na yeye akarudi akiyarudia midomoni yasije yakapotea njiani. Siku moja alirudi na mkewe nyuma yake. Mke alikuwa ameshindwa kuvumilia kuyaona yale mafundo kutoka dirishani kwake. Akakaa nasi kwenye nyasi, akatuonyesha namna ya kupitisha uzi chini, juu, na kuurudisha ili usiteleze, na mumewe akajifunza katikati yetu, akipigwa kofi dogo mkononi kama sisi tu alipokosea. Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Nguo za watu zilichelewa.

Kiota hicho kilikuwa na dirisha. Kwanini hakukubali. Alisema amevitazama viota vyote vya mti ule, hakuna hata kimoja chenye dirisha.

"Mnana jike hajaulizwa," mwalimu akamjibu, akaendelea kusuka.

Siku ya ukaguzi alining'inia kwa muda mrefu kuliko zote, mpaka tukaanza kumhurumia. Mkewe akavua viatu, akaviweka sawasawa, akaingiza kichwa, kisha mabega, kisha miguu ikapotea ndani. Tawi likalia kidogo. Tukangoja atuambie kitu. Hakusema. Tukangoja tena. Mwalimu akaachia tawi, akasogeza sikio kwenye nyasi, na uso wake ukawa wa ajabu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. Akatugeukia, akaweka kidole mdomoni. Mkewe alikuwa anakoroma.

Sasa, hiyo ndiyo siku aliyoichagua mkaguzi wa shule kuja. Alikuwa amesikia kuna shule yenye madawati mengi kupita zote, akataka aione kwa macho yake. Mwalimu mkuu, amejaa fahari, akamfungulia mlango. Mkaguzi akatazama ukuta wa mbao kutoka sakafuni hadi darini, akasifu, halafu akauliza wanafunzi wako wapi kati ya madawati hayo. Akaletwa uwanjani. Akatukuta tumekaa kwa mistari, kimya, hakuna anayepiga hata chafya, na mbele yetu mfuko mkubwa wa nyasi unaning'inia mtini, unakoroma.

Akauliza, kwa kunong'ona kwa kuwa kila mtu alinong'ona, kile ni kitu gani. Mwalimu akamwambia ni somo.

"Na anayekoroma?"

"Ni mke wangu, mheshimiwa. Amekubali."

Mkaguzi akavua kofia. Sijui kwa nini, labda hata yeye hakujua. Akaangalia pengo kwenye mstari wetu, na bila kuambiwa na mtu akazunguka, akaingilia pale palipokuwa mlango, akakaa nyasini. Mwalimu mkuu alijitolea kumletea dawati, akapiga hatua mbili tatu, akarudi akasema kwa masikitiko kwamba akitoa moja mengine yatamwangukia. Mkaguzi akasema asijali. Akamgeukia mtoto wa karibu, akamuuliza tumejifunza nini muhula huu. Yule mtoto, ambaye alikuwa wa mwisho darasani kwa kila kitu, akasimama wima.

"Dume akikataliwa hafoki. Anafumua."

Mkaguzi akaliandika hilo. Akalitazama alivyoliandika. Akauliza kama ni lazima afumue chote, au yaweza kutosha sehemu. Mtoto akasema chote.

Wakati huo kukoroma kukakatika. Uso wa mke wa mwalimu ukatokea dirishani kwenye nyasi, shavu lina alama za mafundo, akamwona mwanamume mgeni ameketi na watoto. Akamkagua.

"Baba, hilo koti lako mabega yamepishana," akamwambia. "Nani amekushonea hivyo?"

Mkaguzi akasema alilinunua tayari limeshonwa, na siku zote alidhani kasoro iko kwenye mabega yake. Akaambiwa alivue. Akalivua, akalipitisha dirishani, na mwalimu akatumwa nyumbani mbio kuleta sindano na uzi mweusi. Kwa muda uliobaki mkaguzi alisimama kando ya kiota na shati lake tu, akizungumza na dirisha, na sisi tuliokuwa mbele tulisikia. Alisema ameoa siku nyingi, ana nyumba kubwa ya matofali, na hajui kama mkewe anaipenda. Haijawahi kumjia akilini kwamba hilo ni jambo mtu anaweza kuuliza. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka. Koti lilipotoka alilivaa, likamkaa, akawa kama mrefu kidogo. Hakungoja hata chakula alichoandaliwa. Alisema ana swali nyumbani. Ripoti yake hatukuiona wala kuisikia, na mwalimu mkuu alimaliza muhula wote akiogopa kila pikipiki inayosimama getini.

Kiota kilibaki pale mpaka mvua zilipokuja kukiozesha. Kabla ya hapo mke wa mwalimu alikitumia kila alasiri. Alikuwa anasema ndani mle ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyewahi kumuuliza chumvi iko wapi. Tulimpitishia nguo za kupinda na kushona vifungo, naye akatufundisha kwa kutoa mikono tu dirishani, na mimi hadi leo nikishona kifungo naiona ile mikono bila mtu. Jina la Mnana likamganda mwalimu. Wauza duka walimwita hivyo, watoto wake wakaitwa watoto wa Mnana, na yeye aliitika bila kinyongo.

Mvua zilipokatika, akatangaza kwamba kazi ya mikono ya muhula unaofuata ni dirisha la jiko. Tukaenda nyumbani kwake na nyundo, patasi, na kamba ya kupimia. Alikuwa ameshamuuliza mkewe kila kitu: urefu, upana, lifungukie ndani au nje, kizingiti kibebe sufuria au kisibebe. Alipiga hesabu ukutani kwa chaki, mistari imenyooka kama ya ubaoni, na kwa mara ya kwanza tangu madawati yaje tukamwona amerudi kuwa yule wa zamani. Tukapiga nyundo kwa zamu siku nzima. Tofali la mwisho likasukumwa upande wa pili, vumbi likatulia, na badala ya anga tukamwona kinyozi, amekaa kitandani kwake, povu usoni, wembe mkononi, ametoa macho.

Nyumba zile zilikuwa zimeungana ukuta. Mwalimu alikuwa amepima kila kitu isipokuwa kilichoko ng'ambo.

Wanaume wale wawili walitazamana kupitia tundu kwa muda ambao ungetosha mtu kunyoa upande mmoja wa shavu. Kinyozi akauliza ni nini kinaendelea. Mwalimu akamsalimu, akamwambia ni dirisha. Kisha akaenda kumwita mkewe, akakaa pembeni ya jiko, mkono wake tayari umeshika tofali la kwanza la kurudishia.

Mkewe akaja na tepu shingoni. Akatazama tundu. Akamtazama kinyozi, akamwamkia. Akawasha jiko, akaweka maji ya chai, na sote tukaona moshi ukiinuka, ukasita, ukakata kona vizuri kabisa na kupita dirishani kuelekea chumbani kwa kinyozi, ambaye alianza kukohoa. Nyuma yake akatokea mke wake, aliyekuwa bado hajasamehe habari za kile chumba. Akalikagua tundu kwa upande wao, akaingiza kichwa, akamwona jirani yake uso kwa uso.

"Shoga, kumbe ni wewe," akasema. "Chai imeiva?"

Mke wa mwalimu akazitoa pini mdomoni. Akapitisha kiganja chake kwenye kingo za tundu, juu, chini, pembeni, kama anayekagua pindo la nguo ya harusi.

"Linapitisha hewa," akasema mwisho. "Nakaa."

Kinyozi alihamisha kitanda wiki ile ile.